Ruzuku za boti safi zifike kwa fundi wa ufuoni

Mhariri,

Naomba nafasi niseme kuhusu hizi ruzuku za serikali za kutengeneza boti na meli zisizochafua. Hii maneno inazungumzwa sana Nairobi na Mombasa, kwa semina na kwa mahoteli, lakini huku Ziwa Victoria ndio inatuhusu kabisa na ndio tunaachwa nje. Mimi ni fundi wa injini za boti hapa ufuo wa Dunga, Kisumu, na nimekuwa nikisaidia kikundi chetu kujaza fomu za kuomba hizi pesa, kwa hivyo sisemi mambo ya kusikia.

Kwanza watu waelewe shida iko wapi. Boti nyingi za uvuvi na za abiria kuanzia hapa mpaka kisiwa cha Mfangano zinasukumwa na injini ndogo za petroli, na nyingi bado ni zile za tu-stroki, za kuchanganya petroli na oili. Hiyo injini vile imeundwa, sehemu ya mafuta inapita bila kuungua inatoka pamoja na moshi inaingia kwa maji. Simama ufuoni asubuhi boti zikiwashwa utaona ile rangi rangi inatandaa juu ya maji, na ni maji haya haya yanavutwa hapa Dunga yanasafishwa yanaingia kwa mifereji ya mjini Kisumu. Halafu njoo kwa mfuko wa mvuvi. Petroli ikipanda yeye ndio wa kwanza kuumia, kuna siku anarudi na samaki wa kulipa deni la mafuta tu, wenzake kwa boti wanaenda nyumbani mikono mitupu.

Injini ya umeme inaweza kutufaa sana na sio ndoto. Chukua wavuvi wa omena, wao wanatoka jioni wanarudi alfajiri, maanake mchana kutwa boti imelala ufuoni na jua la Nyanza mnalijua lilivyo, betri inachaji na sola bila kuongeza hata shilingi kwa bili ya mtu. Na hata ukichaji kwa stima ya kawaida, stima yetu Kenya karibu 90% inatoka kwa mvuke wa Olkaria pale Naivasha, mabwawa, upepo na jua, sio kwa dizeli. Nchi nyingi tajiri hazijafika hapo, sisi tumefika na bado boti zetu zinatoa moshi.

Lakini injini za umeme zinazokuja kutoka nje hazikuundwa zikifikiria gugu maji. Gugu likijisokota kwa propela, injini ya petroli inakohoa inazima, unainua, unakata kwa kisu, unaendelea na safari. Ya umeme haizimi. Inajaribu kuzunguka kwa nguvu, inavuta umeme mwingi kutoka kwa betri, ile kontrola, kifaa cha kupima umeme unaoingia kwa injini, inapata moto, na kama haina kinga nzuri ya kukata umeme mapema inaungua, na kontrola sio kitu utapata duka la spea Kondele. Sasa hapo kunahitajika propela yenye umbo la kuteleza juu ya mizizi, kikinga cha waya mbele yake, na kontrola inayokata na kurudi yenyewe baada ya kusafisha. Sisi mafundi tuko na mawazo ya hizo vitu, wengine hata wameshachomelea za majaribio kutoka kwa vyuma vya kuokota. Kitanda usicholalia hujui kunguni wake, na ndio maana nasema utafiti wa boti za ziwa bila fundi wa ziwa utakuwa nusu.

Sasa fomu zenyewe. Kuna ofisi moja ya umma, sitaitaja, ilitangaza pesa za uvumbuzi na sisi tukachangamka kama kikundi, tumesajiliwa, akaunti iko, PIN ya KRA iko, cheti cha ushuru kiko. Kufungua fomu tukakuta wanataka hesabu za miaka mitatu zilizokaguliwa na odita, wanataka kiongozi wa mradi awe na PhD, maelezo yote kwa Kiingereza cha chuo kikuu, na kitu kilichotumaliza kabisa, eti mtumie pesa zenu kwanza mnunue kila kitu halafu mdai mrudishiwe. Jamani, betri ya lithiamu ya kusukuma boti ya abiria bei yake inaweza kushinda boti yenyewe ya mbao! Nani ufuoni yuko na hiyo pesa ya kuweka mbele halafu asubiri serikali imlipe, na tunajua vile wenye tenda wanasubiri malipo kutoka kwa serikali yetu, wengine mpaka nyumba zao zinapigwa mnada. Hata hivyo tulituma, tukasaidiwa na kijana wa saiba kupakia makaratasi usiku juu mchana tovuti ilikuwa inakwama. Hadi leo hatujajibiwa. Si ndio, si hapana, hata imeili ya kusema tumepokea hakuna.

Kukataliwa mtu anaweza kukubali. Kunyamaziwa ndio kunaua, kwa sababu hujui urekebishe nini ndio mwaka ujao uombe vizuri.

Nimesoma vile wengine wanafanya. Uingereza walianzisha shindano la ruzuku za meli safi 2021, linasimamiwa na Innovate UK, shirika lao la umma la uvumbuzi, kwa niaba ya wizara yao ya uchukuzi, na awamu ya kwanza peke yake miradi 55 ilipata pesa. Mwaka wa 2022 wakatangaza pauni milioni 206 za kuendeleza hiyo kazi. Pale maswali ya fomu yanajulikana mapema, kila jibu liko na kikomo cha maneno, watathmini zaidi ya mmoja wanakupa alama na ukianguka unaletewa maoni yao uyasome. Wao pia wanalipa baada ya kutumia, hiyo nikubali, lakini unadai kila miezi mitatu, hungoji mradi uishe, na kampuni ndogo ya kule iko na benki ya kuikopesha ikionyesha barua ya ruzuku. Na wale vijana wanaoniuliza kama tunaweza kuomba hiyo ya Uingereza tukiwa hapa, mjue pesa ile ni ya kampuni zilizosajiliwa kwao, msije mkalipa mtu wa kuwajazia.

Norway nao mwaka wa 2015 walianza kutumia feri ya magari ya umeme inaitwa Ampere, inabeba magari 120, safari ya kama dakika 20. Kilichonifurahisha sio feri yenyewe. Vile vijiji viwili feri inasimama vilikuwa na laini ya stima dhaifu, haiwezi kuchaji meli haraka haraka, wakaweka betri kubwa nchi kavu pande zote mbili, hizo zinachaji pole pole wakati feri iko safarini halafu zinamwagia feri umeme ikifika. Ukifikiria feri yetu ya kuvuka ziwa kati ya Mbita na Luanda Kotieno utaona hiyo akili inatuhusu moja kwa moja, maana stima ya huku tunaijua. Na hiyo feri ilikuja kwa sababu serikali yao ndiyo iliyoitisha shindano na kusema tunataka feri ya aina hii, nani atatuundia.

Sisi hatuna kisingizio cha sheria. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi ya 2013 inasema Hazina ya Taifa ya Utafiti ipewe pesa za kufikia 2% ya pato la taifa kila mwaka wa fedha. Imeandikwa hivyo, na hatujawahi kufika hapo. Wabunge wetu wa huku Nyanza na Western wakiingia kwa mambo ya bajeti waulize hiyo, wasiulize CDF, zile pesa za maendeleo ya jimbo, pekee.

Ninachoomba ni hivi. Wanaotoa ruzuku watenge sehemu ya pesa kwa vikundi vya ufuoni, kama vile tenda za serikali zinavyotengewa vijana, wanawake na walemavu 30%. Malipo yaje kwa awamu na ya kwanza ije mbele, hata kama ni kidogo ya kununua betri na kontrola, ikikaguliwa vizuri ndio ya pili itoke. Mwenye PhD isiwe lazima awe ndiye kiongozi wa mradi, awe mshauri, Maseno wako hapo na chuo cha Jaramogi Oginga Odinga kiko Bondo, wanafunzi wao waje wapime na sisi tuchomelee. Fomu iwe pia kwa Kiswahili, ni lugha rasmi kwa Katiba. Na kila aliyeomba ajibiwe. Kile kituo cha Afrika cha teknolojia ya meli safi kilichoko chuo kikuu cha JKUAT tangu 2017 nacho kingeshuka huku angalau kifanye mafunzo ya kuandika proposo hapa ziwani, sio Juja tu.

Tena nisisahau meli kubwa. MV Uhuru ya zamani ilianza kazi miaka ya 1960, na bado tunaiona kazini. Kwa hivyo meli kama MV Uhuru II ambayo imeundwa hapa hapa Kisumu inaweza kuwa bado majini 2080, na mataifa yalishakubaliana 2023 pale IMO, shirika la Umoja wa Mataifa la mambo ya meli, kwamba gesi za meli za kimataifa zinazoongeza joto duniani zifike sufuri halisi karibu 2050. Hiyo yadi yetu iko na vijana wanaojua kuchomelea meli, ipewe pia pesa ya kujaribu injini zingine kabla ya kuunda ile inayofuata.

Kwa vikundi wenzangu, anzeni leo kuandika kwa daftari lita za petroli mnazonunua kila siku, bei, na safari mlizoenda, na mtunze risiti, hata zile za M-Pesa. Swali la kwanza utaulizwa kwa fomu yoyote ni unachoma mafuta kiasi gani sasa na utapunguza kiasi gani, na kikundi chenye daftari kinajibu hilo swali kwa ukurasa mmoja. BMU, yaani vikundi vya kusimamia ufuo, zikusanye hizo hesabu za ufuo mzima, halafu tuzipeleke kaunti pamoja kabla ya bajeti kusomwa.

Fundi wa injini za boti,
Dunga, Kisumu