Harambee ya Shamba la Jojoba: Wana Likoni, Tushikeni Mkono

Ndugu, jamaa na marafiki,

Sisi ni kikundi cha kina mama wasusi hapa Likoni. Kila siku twapaka wateja mafuta ya jojoba yaliyotoka ng'ambo, kichupa kidogo bei kubwa, na huku mwenzetu mmoja ana ekari moja ya nyika kule Taru ambako mahindi hukauka kabla ya kubeba. Ametupa tulime.

Jojoba ni kichaka ambacho asili yake ni jangwa la Sonora, Marekani na Mexico. Mizizi yake huzama mbali kutafuta maji, na mbegu, ndogo kama karanga, karibu nusu ya uzito wake ni mafuta. Kwa hakika ni nta iliyo majimaji, ndiyo maana hayachachi upesi. Marekani ilipopiga marufuku mafuta ya nyangumi mwanzoni mwa miaka ya 1970, watu wakageukia kichaka hiki. Leo chalimwa hadi Misri, Israeli, India na Argentina.

Tumeulizwa sana mbona tusikope. Mkopo hudai marejesho kila mwezi, na jojoba huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne, tena kidogo kidogo. Hakuna msusi atakayelipa riba ya miaka yote hiyo. Halafu kuna miche. Jojoba ni kama mpapai, ina dume na jike, na aliyepanda mbegu hajui alichonacho mpaka maua yatoke. Karibu nusu ya shamba huwa madume yasiyozaa. Sisi twataka vipandikizi vilivyokatwa kwenye majike yanayojulikana kwa kuzaa, na dume moja kwa kila majike kumi hivi, upepo usambaze chavua. Ni ghali kuliko mbegu, lakini hapo hatutabana hata senti.

Tukipanda mita nne kwa mbili, ekari yachukua miche kama 500. Michango yenu itanunua miche hiyo, tangi, mipira ya kumwagilia kwa matone, na seng'enge, maana mbuzi hawaachi jani. Sehemu tuliyochagua ina mchanga na mteremko. Maji yakituama, mizizi huoza.

Karibuni Jumapili saa nane mchana, uwanja wa shule ya msingi. Pesa taslimu au za simu, mhazini atakuandikia risiti papo hapo. Asiye na pesa na aje na sururu yake siku ya kwenda Taru: mashimo yote yatakiwa yawe tayari kabla ya mvua za vuli.