Asilimia ya nini, Mhariri?

Ndugu Mhariri,

Nilifundisha hesabu shule ya msingi mpaka nikastaafu, na tabia moja imekataa kunitoka: nasoma gazeti lako nikiwa na penseli. Wiki iliyopita mwandishi wako aliripoti kwamba kiwango cha kufaulu kimepanda kutoka asilimia 40 hadi asilimia 50, akaliita hilo "ongezeko la asilimia 10". Chini kidogo, kwenye mchoro, theluthi moja ya watahiniwa ikaandikwa 33%. Yote mawili nimeyazungushia.

Nianze na hilo la kwanza. Kumi imeongezeka, sawa, lakini kumi hiyo ni sehemu gani ya pale tulipoanzia? Tulianzia 40. Basi 10/40 ni robo, na robo ni asilimia 25. Kilichopanda kwa 10 ni pointi za asilimia, na hizo ni kitu kingine. Mwakani kiwango kikirudi kutoka 50 hadi 40, hatua ni ileile ya kumi, ila sasa ni 10/50, yaani kimeshuka kwa asilimia 20. Kupanda 25, kushuka 20, na tumerudi palepale! Ndiyo maana kitu kikipandishwa kwa asilimia 20 kisha kikashushwa kwa asilimia 20 hakirudi kilipokuwa. Ukitumia desimali utaliona mara moja: 1.2 mara 0.8 ni 0.96. Zimepotea asilimia 4, na hakuna aliyeiba.

Theluthi ndiyo iliyonikera zaidi. Gawanya 1 kwa 3 kwa mkono, bila kikokotoo. Kumi kwa 3 ni 3, baki 1. Shusha sifuri, ni kumi tena. Baki 1 tena. Baki hiyo haiishi hata ukeshe. Mwandishi akikata kwenye 33, kwa watahiniwa 3,000 amewafuta 10, maana theluthi yao ni 1,000 na asilimia 33 yao ni 990. Kama ni theluthi, iache iitwe theluthi. Ikibidi iwe asilimia, ni 33 na theluthi.

Wanafunzi walikuwa wakiniuliza kwa nini 1/8 inakubali kuisha, 0.125 na basi, wakati 1/3 inagoma. Swali zuri kuliko mengi yaliyomo vitabuni. Desimali ni sehemu ambayo asili yake, yaani namba ya chini, ni 10, 100, 1,000 na kuendelea, na kumi imejengwa kwa kuzidisha 2 na 5 tu. Sehemu iliyokwisha kurahisishwa ikiwa na asili inayojengwa kwa 2 na 5 peke yake, itaingia. Mfano 3/40: zidisha juu na chini kwa 25, unapata 75/1,000, yaani 0.075, yaani asilimia 7.5. Lakini 3 ikijipenyeza kwenye asili, au 7, au 11, safari haina mwisho. Wababeli waliohesabu kwa sitini theluthi haikuwasumbua, kwa sababu 20 kati ya 60 inatoka safi kabisa.

Na 1/7, Mhariri, jipe dakika moja uifanye kwenye karatasi. Mabaki yanakuja hivi: 3, 2, 6, 4, 5, kisha 1, na hiyo 1 ndiyo uliyoanza nayo. Ukigawanya kwa 7, mabaki yanayowezekana ukiacha sifuri ni sita tu, kwa hiyo lazima ujikute umerudi ulipopita. Jibu ni 0.142857, halafu tarakimu hizo sita zinaanza upya. Darasa langu lilikuwa likitulia kimya hapo, na halikuwa darasa la kutulia.

Lawama si za waandishi peke yao. Sisi walimu tumewakaririsha watoto "zidisha kwa mia" bila kuwaambia kwamba alama ya asilimia inabeba kugawanya kwa mia. Mtoto anaandika 0.4 = 40, naye anaona ametii. Kilicho sawa ni 0.4 = 40%, kwa kuwa kiasi hakijabadilika hata chembe; ni 40/100, ni 2/5. Mtoto huyohuyo atakuambia 0.125 ni kubwa kuliko 0.5 kwa sababu 125 inaishinda 5. Mwandikie 0.500 chini ya 0.125, atacheka mwenyewe. Akikua akaingia chumba cha habari, ataandika 0.5% akidhani ni nusu, kumbe ni nusu ya asilimia moja: 0.005, yaani moja kati ya 200.

Ombi langu ni dogo. Kila asilimia inapochapishwa, iandikwe ni ya nini, na hesabu kamili iliyozaa asilimia hiyo iwekwe pembeni, ili msomaji mwenye penseli aweze kuikagua. Ukisema "asilimia 50 ya waliohojiwa" na waliohojiwa ni wanne, tuambie ni wawili.

Tena kuna ile habari ya Jumapili iliyosema idadi ya watoro imepungua kwa asilimia 150. Ikipungua kwa 100 hakuna mtoro aliyebaki. Namwomba mwandishi atufafanulie hizo 50 za ziada alizipunguza kutoka wapi.

Wako,
Mwalimu mstaafu wa hesabu