Kisima na mto vinywe kutoka kibali kimoja

Mhariri,

Mito ikipungua kiangazi, lawama huwaangukia wakata miti na wanaolima kingoni. Sina ugomvi na hilo. Ila yuko mchotaji mwingine ambaye sheria za nchi nyingi humtazama kwa jicho la huruma: mwenye kisima kirefu kilicho mbali kidogo na mto, pampu ikinguruma usiku na mchana.

Mto unaotiririka miezi isiyo na mvua hulishwa na maji ya ardhini, yanayojongea polepole hadi kuibukia kwenye chemchemi na kingo. Pampu zikivuta kuliko mvua inavyorudisha, kina cha maji ardhini hushuka, chemchemi hukatika, na mwishowe mto wenyewe huanza kuvujia chini. Balaa lake ni kwamba haya huweza kuchukua miaka kujitokeza. Yanapojitokeza, hakuna anayekumbuka kisima, na kuzima pampu leo hakurudishi mto kesho.

Upofu huu sheria iliurithi. Mwaka 1843, katika kesi ya Acton v Blundell, mahakama ya Uingereza iliamua kwamba mwenye ardhi akichimba kwake na kukausha kisima cha jirani, jirani hana madai. Texas iliifuata kanuni hiyo mwaka 1904 na msingi wake bado umesimama huko. Majaji wa zamani walikuwa na udhuru: mwendo wa maji chini ya ardhi kwao ulikuwa fumbo. Sisi tuna wataalamu wanaoupima, na karibu asilimia 99 ya maji baridi ya dunia ambayo hayajaganda kuwa barafu yako huko huko chini. Udhuru wetu ni upi?

Afrika Kusini ilikata shauri mwaka 1998. Sheria yake ya Taifa ya Maji iliyaweka maji yote, ya juu na ya chini, mikononi mwa serikali kama mdhamini wa wananchi, na ikatenga akiba kwa mahitaji ya msingi ya watu na uhai wa mito kabla ya wengine kugawiwa. California ilichelewa mpaka 2014 ndipo ikapitisha sheria ya kusimamia maji ya ardhini, na mabonde ambayo maji yake ya chini yamevutwa kupita kiasi yakapewa hadi 2040 kufikia uwiano kati ya yanayovutwa na yanayorudi. Miaka 26! Huo ndio muda unaoombwa na aliyekawia.

Uchafuzi nao hupita njia hiyo hiyo. Huko Maui, Hawaii, majitaka yaliyosukumwa kwenye visima yalipenya hadi baharini, na hoja ya utetezi ikawa kwamba yamepitia ardhini, kwa hiyo kibali hakihitajiki. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ya Marekani iliikataa hoja hiyo: yakifika baharini kwa namna inayolingana na kumwagwa moja kwa moja, kibali ni lazima.

Ninachoomba kwa watunga sheria si taasisi mpya. Zilizopo zinatosha na pengine zimezidi. Vibali vya mto na vya visima vya bonde moja vitolewe na ofisi moja, kutoka hesabu moja ya maji. Kila kisima cha biashara kifungwe mita, takwimu zake ziwe wazi kwa wananchi, na kibali kiweze kupunguzwa kina cha maji kikishuka. Visima vya nyumbani vya ndoo chache viachwe kwa amani.

Msomaji wenu