YAH: Taji la jino lenye chuma ndani, na vijazo vya amalgamu vilivyotolewa bila sababu

Kwa Meneja wa Kliniki,

Naandika barua hii nikiwa na kipande cha kauri mbele yangu, nimekifunga kwenye karatasi laini. Ni kidogo kama punje ya mchele. Kilimeguka wiki iliyopita nikiwa natafuna, kutoka kwenye taji mlilonivisha gego la chini kushoto, na pale kilipotoka panang'aa chuma.

Nilikuja kwenu miezi mitano iliyopita kwa sababu ya tangazo lenu la "meno bila metali". Nilimweleza daktari, msaidizi wake akisikia, kwamba mwili wangu haupatani na nikeli: hereni za bei rahisi hunitoa vipele, hata kifungo cha suruali. Ndiyo maana nikaomba zirkonia tupu, kauri ngumu isiyo na chuma ndani. Risiti ninayo, na imeandikwa "taji la zirkonia". Nililovishwa ni lile la siku zote, kikombe cha chuma kilichopakwa kauri juu. Si taji baya kwa anayelitaka. Mimi sikulitaka, na chuma cha mataji ya aina hiyo mara nyingi huchanganywa na nikeli.

Dalili zilianza mapema. Wiki ya tatu niliona mstari wa kijivu ukingoni mwa fizi, na fizi yenyewe imevimba. Nikapiga simu. Nikaambiwa ni kivuli tu, niongeze bidii ya kupiga mswaki. Kivuli gani hicho kisichohama usiku na mchana?

Sasa la amalgamu, vile vijazo vya kijivu vya metali vya kuzibia meno. Nilikuwa na magego matatu yaliyozibwa nikiwa mtoto, hayajawahi kunisumbua. Daktari aliyaangalia kwa dakika moja akasema, "Kila ukitafuna unakula sumu." Nikaogopa, nikakubali yote matatu yafumuliwe siku hiyo hiyo. Ni kweli karibu nusu ya uzito wa amalgamu ni zebaki, na nyingine ni fedha, bati na shaba. Ni kweli pia kwamba Mkataba wa Minamata wa 2013, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, unazitaka nchi zipunguze matumizi yake, na Umoja wa Ulaya umeizuia, isipokuwa kwa sababu maalumu za kitabibu, tangu Januari 2025. Lakini kuacha kuweka mpya ni jambo moja, kufumua ya zamani iliyo nzima ni jambo lingine. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilishauri mwaka 2020 kwamba amalgamu isiyo na kasoro isitolewe bila sababu ya kitabibu, kwa kuwa kuitoa hula jino lililo zima na huongeza mvuke wa zebaki kwa muda. Niliomba nionyeshwe ufa au uozo. Sikuonyeshwa.

Na kama ni sumu kweli, mbona mliitoa vile? Sikuwekewa karatasi ya mpira ya kulitenga jino. Msaidizi alishika bomba la kunyonya kwa mkono mmoja na simu yake kwa mkono wa pili. Niliposukutua, nilitema chembe za kijivu, nilizomeza sizijui. Kisha kompoziti, kijazo cha rangi ya jino, ikajazwa kwa mkupuo mmoja na kumulikwa taa ya bluu mara moja, ilhali kwa kawaida hupangwa tabaka kwa tabaka. Kama aina mliyotumia inaruhusu hivyo, nijulisheni jina lake. Gego moja kati ya hayo sasa linashtuka kwa maji ya baridi.

Naomba nakala ya oda mliyopeleka kwa mtengenezaji wa taji, ikionyesha mchanganyiko wa metali uliotumika. Taji litolewe na kubadilishwa kwa zirkonia kwa gharama yenu, na daktari mwingine. Fedha za magego matatu nirudishiwe, isipokuwa mkinionyesha picha za eksirei za kabla ya kazi zenye uozo. Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14. Likikosekana, nitapeleka shauri kwa baraza linalosimamia madaktari wa meno.

Kipande cha kauri mkitaka kukiona nitakuja nacho. Ila sitakiacha kwenu.

Wenu,
Mgonjwa mwenye risiti ya zirkonia