Poros hadi Hydra mkiwa wawili: boti mtaifunga wapi?

Karibu kila mume na mke wanaotaka kukodi boti ya matanga Ugiriki hutuuliza kama wataimudu peke yao. Wataimudu. Ghuba ya Saroniki, kusini ya Athens, ina kinga zaidi kuliko visiwa vya Cyclades, ambako upepo wa meltemi huvuma kwa nguvu Julai na Agosti. Poros hadi Hydra, visiwa viwili vya ghuba hiyo, ni kama maili 12 za baharini, na kwa mwendo wa noti 5, yaani maili 5 za baharini kwa saa, mtatumia saa mbili na nusu hivi. Kazi yenyewe iko mwisho wa safari, mnapotafuta pa kufunga boti.

Wateja wetu wa Mombasa na Zanzibar wamezoea maji kujaa na kupwa, na bamvua inayoacha vyombo vimelala mchangani. Mediterania maji hupanda na kushuka kidogo mno, sehemu nyingi hayafiki hata sentimita 30. Kwa hiyo boti hufungwa tezi, yaani upande wa nyuma, ikielekea gati. Mnaangusha nanga kama mita 40 kabla ya kufika, mnarudi kinyumenyume taratibu huku mnyororo ukitoka, mnafunga kamba mbili za tezi, ya upande wa upepo kwanza, kisha mnashuka gatini kwa ubao. Mipira ya kukinga ubavu na kamba ziwe tayari kabla hamjaingia bandarini. Kubalianeni ishara za mikono mapema, maana aliye omo, yaani mbele, hamsikii aliyeshika usukani injini inaponguruma.

Hydra ni pazuri sana, nasi tunapapenda. Magari ya watu binafsi hayaruhusiwi, mizigo hubebwa na punda na nyumbu. Lakini bandari yake ni ndogo. Majira ya joto boti hujipanga safu mbili, hata tatu, na nanga hupandana chini. Asubuhi anayetaka kuondoka hung'oa yake na mnyororo wa jirani ukiwa juu yake. Kwa watu wawili wasio na uzoefu, na upepo wa ubavuni, hiyo ni shida kubwa.

Ushauri wetu: ng'oeni nanga Poros saa moja asubuhi, mfike Hydra kabla ya saa tano, na msipoona nafasi iliyo wazi msijipenyeze. Endeleeni hadi Ermioni, ng'ambo kwenye pwani ya Peloponnese, mfunge boti kwa utulivu, kisha mwende Hydra kwa feri. Wengi hudhani wamekosa kitu wakifanya hivyo. Sisi tunaona ndiyo njia bora ya kuuona mji bila kuwaza nanga.

Mkitaka kuogelea njiani, tieni nanga penye rangi nyeupe, yaani mchanga. Madoa meusi mara nyingi ni nyasi za baharini ziitwazo Posidonia: nanga haishiki vizuri, na nyasi hizo zikichimbuliwa huchukua miaka mingi kurudi. Visiwa vya Balearic, Hispania, vimepiga marufuku kutia nanga juu yake tangu 2018.

Sheria ya Ugiriki inataka nahodha mwenye cheti na mtu wa pili mwenye uzoefu, ambaye kwa kawaida hutia saini tamko. Katika boti ya wawili, basi, hakuna abiria. Ndiyo maana siku ya kwanza mwalimu wetu hukaa nanyi hadi kila mmoja awe ameshika usukani na kuangusha nanga mwenyewe. Mnapoweka nafasi, tutumieni nakala ya cheti na mtueleze ni nani kati yenu hajawahi kufunga boti kwa tezi, ili mwalimu aanze na huyo.