Wananchi wenye hasira kali

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika ukurasa wako. Nina duka dogo la madaftari na vitabu vya mtumba hapa Moshi, jirani na soko la Mbuyuni, na nina mtoto kidato cha tatu. Mwezi uliopita tuliitwa kikao cha wazazi.

Mzazi mmoja, mzee wa watu, alisimama kulalamikia riwaya ya Rosa Mistika. Alikuwa amesoma kurasa za mwanzo akakuta baba mlevi anamtwanga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana. Watoto wanajifunza nini humu? Hoja si ngeni. Kitabu hicho cha Euphrase Kezilahabi kilitoka mwaka 1971 na kiliwahi kupigwa marufuku mashuleni, ingawa nadhani wakubwa wa wakati ule walikerwa zaidi na mapenzi kuliko mkong'oto. Wazazi wakaguna kuunga mkono.

Ajenda iliyofuata ilikuwa nidhamu. Mzee yuleyule akanyanyuka tena: "Walimu, hawa tumewakabidhi. Nyama zenu, sisi turudishieni mifupa." Ukumbi ukalipuka makofi. Nami nilipiga, kabla sijajua napigia nini. Mezani, juu ya rejista, palikuwa na fimbo ya mpera iliyoshikwa hadi ikang'aa.

Kanuni za viboko mashuleni za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, achape mkuu wa shule au mwalimu aliyempa ruhusa, na viandikwe kwenye daftari. Madaftari nauza mimi, Mhariri. Hakuna aliyewahi kuniambia anataka la viboko.

Darasa la sita mwalimu wetu alitusomea Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, fimbo ikiwa kwapani. Kila usiku Adili anawachapa manyani wawili, kumbe ni ndugu zake waliogeuzwa, naye anachapa kwa amri ya jini. Akimaliza anawabembeleza. Darasa zima tulisikitika, kuna msichana alifuta machozi kwa sketi. Wiki hiyohiyo nilikula sita za kuchelewa na hakuna aliyesikitika, hata mimi mwenyewe. Wenzangu walikuwa wanahesabu.

Nikakua, nikaoa, nikafungua duka. Siku moja ilipotea elfu mbili kwenye droo, nikamchapa mwanangu kwa mkanda. Jioni nikamletea chipsi mayai. Alikula polepole akinitazama, na ile sahani hakuimaliza. Hela niliikuta siku ya tatu ndani ya daftari la madeni. Adili angalau alikuwa na jini la kumlazimisha.

Ndiyo maana nataka Rosa Mistika ibaki. Mle ndani anayepiga ana jina. Zakaria ni Zakaria, tunamjua pombe yake, na binti tunafuatana naye mpaka tuone kipigo kile kimemfikisha wapi. Nje ya kitabu mtoto "amerudiwa", mke "amefunzwa adabu", na aliyeinua mkono hatajwi. Mwaka huohuo wa 1971 Bunge lilipitisha Sheria ya Ndoa, na kifungu cha 66 kinasema hakuna mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya kipigo. Kitabu tulikifungia. Sheria hatukuisoma.

Na hapa nakugusa wewe, Mhariri, univumilie. Mwaka jana, mchana wa saa nane, nilisikia "mwizi!" upande wa vitunguu. Kijana alidaiwa kuchomoa simu ya mama mmoja. Mpaka natoka kizingitini alikuwa chini tayari, na watu wanapokezana. Polisi walipomchukua, pale alipokuwa ilibaki kandambili moja ya bluu, kamba imekatika. Simu yenyewe sijui kama ilipatikana.

Robo saa baadaye akaingia dukani mwanamume wa shati la kijani. Nilimwona kule, alikuwa wa mbele. Akaniomba maji ya kunawa. Nikampa, na hilo ndilo linalonikosesha usingizi, kwamba nilimmiminia kwa kopo kama mgeni aliyekuja kula. Akanawa hadi kwenye viwiko, akaulizia bei ya kaunta buku, akachukua mbili za binti yake na karatasi ya kaki ya kufunikia. Akapunguziwa mia tano. Muda wote alikuwa ananitania habari za Yanga.

Siku ya pili gazeti lako likaandika kwamba kijana ameshambuliwa na "wananchi wenye hasira kali". Nililisoma mara mbili nikiwa nimesimama. Hasira ipi? Yule bwana hakuwa na hasira, alikuwa na haraka ya kuwahi Hiace ya Himo. Wenzake wawili walirudi kwenye meza zao za nyanya wakaendelea kuita wateja. Na mimi niliyetazama nikamimina maji, katika habari yako nilikuwa nani?

Habari kama hiyo itakufikia tena, si ajabu kabla ya Jumapili. Mwandishi wako akiandika hasira kali, mrudishe sokoni. Aulize walikuwa wangapi, nani alianza, walikuwa wamekuja kununua nini. Mmoja alivaa shati la kijani. Alinunua kaunta buku mbili.

Mwenye duka,
Mbuyuni, Moshi