Bibi hakujua kusoma: barua kwa mdogo wangu

Mdogo wangu,

Bwana Yesu asifiwe. Nimeanza na salamu yenu makusudi, maana naona ile ya nyumbani, "Tumsifu Yesu Kristo", siku hizi unaiitikia kwa kusitasita, nami sitaki tuanze kwa kukwazana.

Unaikumbuka siku ya misa ya kumbukumbu ya Bibi. Padre alipofika kwenye sala ya marehemu ulitoka, ukaenda kusimama kwenye gari ukatupa mgongo. Sikukulaumu, niliona ni heri hivyo kuliko kuitikia usichokiamini. Lakini baadaye jikoni, shangazi akisugua masufuria, uliniambia kwa sauti ya chini: "Dada, Bibi alikuwa mtu mwema, lakini Neno hakulijua. Alishika mapokeo ya wanadamu." Shangazi aliacha kusugua. Mimi nilinyamaza, na kunyamaza huko kumenikosesha raha hadi leo. Naandika hadharani kwa sababu karibu kila ukoo ninaoujua una mtu kama wewe na mtu kama mimi, wanaopitishiana chumvi mezani huku wakikwepana macho.

Kwanza nina la kukiri. Ile Biblia yako iliyopigwa mistari kwa kalamu za rangi, kurasa za Warumi zimelegea hadi zinataka kutoka, ilinitia aibu. Yangu ilikuwa kabatini, safi kama siku niliyopewa kwenye kipaimara. Mtakatifu Yeronimo alisema kutoyajua Maandiko ni kutomjua Kristo, na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, ukalirudia neno hilo mwaka 1965, lakini wengi wetu tulilisikia tukaendelea na mambo yetu. Nimeanza kusoma kila siku kwa sababu yako. Haya nitakayokuambia nimeyapata huko huko kwenye kusoma.

Aya uliyokuwa nayo moyoni pale jikoni ni Marko 7:8: "Ninyi mwaiacha amri ya Mungu, na kuyashika mapokeo ya wanadamu." Ukisoma mistari inayofuata utaona Yesu anataja kisa chenyewe: mtu anasema mali yake ni Korbani, imetolewa kwa Mungu, ili asiwasaidie wazazi wake. Mapokeo ya namna hiyo yapo hata kwetu. Mimi na wewe tulimwona jirani yetu mjane akizikwa bila wanajumuiya kuja kuimba, kisa eti alikuwa na deni la michango. Nililia siku ile, na hasira haijaniisha. Hilo Yesu analihukumu na sitalitetea hata kidogo.

Ila neno hilohilo, mapokeo, Paulo analitumia kwa Wathesalonike, na kwa Kigiriki pia ni neno moja: "Basi ndugu, simameni imara mkayashike mapokeo mliyofundishwa, ama kwa maneno, au kwa waraka wetu" (2 Thes 2:15). Kwa maneno, au kwa waraka. Kwa hiyo swali si kama kuna mapokeo. Swali ni yametoka kwa nani, na yanampeleka mtu wapi.

Sasa mtazame Bibi. Alifundishwa na katekista chini ya mti. Katekista anasema sentensi, wao wanaitikia, hadi inakaa kichwani. Hakuwahi kusoma hata jina lake mwenyewe. Lakini Nasadiki, ile kanuni ya imani, aliijua yote, na Amri za Mungu, na mwana mpotevu alimsimulia hadi ukasikia harufu ya wale nguruwe. Wewe Baba Yetu ulifundishwa na nani? Nilikuwepo. Koroboi liko juu ya kinu, umekaa mapajani kwake, anaushika mkono wako kwa mkono wake unaonuka moshi na maziwa, anaupeleka kwenye paji la uso, kifuani, bega hili na bega lile. Ulikuwa hujui hata herufi moja. Ulipokuja kuifungua Biblia ukiwa mtu mzima ukasoma habari za Baba, tayari ulikuwa na mtu unayemfahamu ndani yake.

Karibu mwaka 180, Ireneo, askofu wa Lyon katika nchi ambayo leo ni Ufaransa, aliandika juu ya watu wa namna ya Bibi. Huyu Ireneo akiwa kijana alimsikiliza Polikarpo wa Smirna, na Polikarpo alikuwa amemsikiliza Yohana. Anasema kuna mataifa mengi yasiyojua kusoma ambayo yanamwamini Kristo, na wokovu wameandikiwa na Roho mioyoni mwao, bila karatasi wala wino. Niliposoma hapo nilifunga kitabu nikakaa kimya muda mrefu. Tena hapa kwetu hatuhitaji kwenda mbali hadi Lyon. Wale vijana waliochomwa kwa ajili ya imani yao Namugongo, Uganda, tarehe 3 Juni 1886, Wakatoliki na Waanglikana pamoja, walikufa miaka 10 kabla Biblia nzima ya Kiganda haijachapishwa. Kizito alikuwa mtoto wa miaka kama 14, amebatizwa siku chache tu kabla ya kifo chake na Karoli Lwanga mwenyewe, kiongozi wao. Wamisionari walikuwa wameleta sehemu za Injili, na vijana walizisoma kwa njaa kubwa. Hata hivyo sehemu kubwa ya kile walichokifia waliipokea kwa mdomo.

Najua utasema: sawa, lakini mdomo hukosea, maandishi hubaki. Ni kweli, na ndiyo sababu naipenda sana Biblia. Sasa chukua jambo ambalo mimi na wewe hatugombani, kwamba Yesu ni Mungu kweli. Mwanzoni mwa karne ya 4 padre mmoja wa Aleksandria, Ario, alifundisha kwamba Mwana ni kiumbe; wa juu kuliko vyote, lakini kiumbe. Usidhani hakujua Biblia. Aya alikuwa nazo, tena nzito: "Baba ni mkuu kuliko mimi", na "mzaliwa wa kwanza wa viumbe vyote", na maneno ya Hekima katika Mithali 8:22. Maaskofu walipokutana Nisea mwaka 325, walitaka kwanza kumjibu kwa maneno ya Biblia peke yake. Atanasi, wakati ule akiwa shemasi kijana, anasimulia ilivyokuwa: kila neno la Maandiko lilipopendekezwa, watu wa upande wa Ario walinong'onezana na kukonyezana macho, wakasema hilo nasi tunaliafiki. Mwana ametoka kwa Mungu? Sawa, vitu vyote vimetoka kwa Mungu. Ni nguvu ya Mungu? Sawa, hata nzige wa nabii Yoeli, kwa Kigiriki, wameitwa nguvu ya Mungu. Kila mlango uliofungwa kwa aya, walipata aya ya kuufungua.

Mwishowe maaskofu wakatumia neno lisilo katika aya yoyote, homoousios, ambalo sisi tunalisali kila Jumapili: "mwenye umungu mmoja na Baba". Hawakulileta ili waongeze kitu juu ya Maandiko. Walililinda lile ambalo Kanisa lilikuwa likilisoma ndani ya Maandiko tangu mitume, likibatiza kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, likimpigia Yesu magoti.

Ukishuka stendi kwenda kwako unapita makanisa matatu, yote yameandika ukutani kwamba yanafuata Biblia. La kwanza linasali Jumamosi na linakuambia Jumapili ni mapokeo ya Roma. La pili halibatizi watoto. La tatu, ulinisimulia mwenyewe, linabatiza kwa jina la Yesu tu na kuukataa Utatu. Mchungaji wako anawaita hao wa tatu wapotevu. Kwa kipimo gani, wakati aya wanazo? Anapowajibu anawajibu kwa Nisea, hata kama jina hilo hajawahi kulitaja madhabahuni.

Kuhusu orodha ya vitabu sitakuchosha, maana najua umeshaisikia hoja yetu: vitabu 27 vya Agano Jipya, kama tulivyonavyo, tunavikuta katika barua ya Pasaka ya Atanasi yuleyule, mwaka 367. Na jibu lako nalijua, kwamba Kanisa halikuvipa vitabu mamlaka, lilivitambua tu. Nakubali, na Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano mwaka 1870 nao ulisema ni vitakatifu kwa sababu Mungu ndiye mwandishi wake, si kwa sababu Kanisa limepiga muhuri. Lakini mtoto anaitambua sauti ya baba yake nje usiku, kabla mlango haujafunguliwa, kwa sababu amekaa naye nyumbani. Huko kukaa nyumbani ndiko ninakokuita Mapokeo.

Luther mwenyewe, aliyeanzisha mageuzi ya Kiprotestanti, hakukuhama kabisa. Kule Worms mwaka 1521 alisema dhamiri yake imefungwa na Neno la Mungu, na alikuwa na sababu, kwa jinsi rehema, yaani msamaha wa adhabu za dhambi, zilivyokuwa zikiuzwa kama nyanya sokoni. Ila Nasadiki aliibakiza, ubatizo wa watoto aliubakiza, na mwaka 1529 akaandika Katekisimu Ndogo ili baba awafundishe wa nyumbani kwake kwa kukariri, vilevile kama Bibi. Maandiko kuwa hakimu wa mwisho juu ya kila fundisho ni jambo ninaloweza kukaa nalo mezani hadi usiku wa manane. Kila mtu na Biblia yake, na waliotutangulia wote wakae kimya, hilo hata Luther nadhani asingelikubali.

Kuna mahali hoja yako inanibana. Mwaka 1950 Papa Pius XII alitangaza kwamba Bikira Maria alipalizwa mbinguni mwili na roho. Hakuna aya inayosema hivyo waziwazi, na sitakuzungusha. Ninachojua ni kwamba Wakristo wa Mashariki walikuwa wakiadhimisha sikukuu hiyo tangu karne ya 6, wala hawaoni wamemwongezea Kristo mshindani. Mimi nayapokea. Wewe huyapokei. Mtaguso wa 1965 unasema wanaofundisha katika Kanisa hawako juu ya Neno la Mungu, wanalitumikia, na mimi nawadai walishike hilo kama unavyowadai wewe.

Narudi kwenye lile gari. Kuwaombea marehemu unakuona ni kosa kwa sababu kitabu cha pili cha Wamakabayo, kinachosimulia sala kwa ajili ya wafu, hakimo katika Biblia yako ya vitabu 66. Lakini Monika, mama yake Agustino, Mwafrika wa nchi ambayo leo ni Algeria, alipokuwa anakufa Ostia mwaka 387, mbali na kwao, aliwaambia wanawe mwili wake wauzike popote, wasihangaike nao. Aliomba kitu kimoja tu: wamkumbuke kwenye altare ya Bwana, popote watakapokuwa. Bibi hakuwahi kusikia habari za Monika. Wiki ile ya mwisho, wewe ukiwa njiani unakuja, alinishika mkono akaniambia hayohayo, kwa Kichaga, nami nimeshindwa kuyatafsiri bila kulia.

Nitakuwa nyumbani kuanzia tarehe 20 Desemba. Jumamosi inayofuata tutapalilia kaburi, majani yameshafika magotini. Njoo na jembe na Biblia yako. Nami nitakuja na yangu. Tukimaliza tutasoma Yohana 14 yote, ile aya ya Ario, "Baba ni mkuu kuliko mimi", ikiwemo. Halafu nitasali Baba Yetu kwa ajili ya Bibi, kwa sauti. Hiyo unaijua, tena unajua ulifundishwa na nani. Safari hii usiende kusimama kwenye gari.

Dada yako